Mgonjwa wa Kigali

Leningrad, 10 Machi 1991

Shangazi Annah,

Shikamoo. Naandika kwa haraka kwa sababu Mutsinzi, mwanafunzi mwenzangu wa Kigali, anapanda ndege kesho na begi lake lilikuwa limeshafungwa. Amekubali kulifungua kwa ajili yako tu, tena kwa kunung'unika. Anasema hukumfundisha yeye, ulimfundisha kaka yake, na mpaka leo kaka yake akisikia jina lako hunyoosha mgongo.

Boksi analokuletea ni dawa ya tumbo, na si dawa ya dukani. Ni kazi ya maabara yetu. Tunachukua utumbo mwembamba wa mnyama mchanga, tunausafisha na kuuloweka katika asidi hafifu mpaka protini zake zikatike vipande vifupi sana. Vipande hivyo vinaitwa peptidi. Kila kiungo cha mwili kina vya kwake. Profesa wangu anaamini kwamba vya utumbo, vikifika kwenye utumbo mwingine uliochoka, huzikumbusha seli kazi ambazo zimeanza kuzisahau. Havilazimishi kitu, vinakumbusha. Zamani tulitumia ndama, lakini mwaka huu machinjioni ndama ni shida, kwa hiyo hizi zako zimetokana na kondoo wachanga. Nguvu ni ileile.

Meza kapsuli moja kila asubuhi kabla ya kula. Kisha uniandikie kama ulivyokuwa ukitudai sisi watoto ukija Bukoba likizo: hamu ya chakula, gesi, choo, uzito. Usinifiche kitu.

Nina sababu yangu pia. Mambo hapa yanabadilika na wanafunzi wa kigeni tunaanza kuhesabiwa. Wagonjwa wetu wote ni watu wa huku, wanakula viazi na kabichi. Profesa anatamani mmoja tu wa mbali, wa hali ya hewa nyingine na chakula kingine. Nikimpatia huyo, itakuwa vigumu kuniambia nirudi nyumbani kabla sijamaliza. Nilimwambia ninaye, na kwamba ni mwalimu wa sayansi mstaafu ambaye hajawahi kukosea kipimo. Wewe ndiye huyo.

Mama anakusalimu kutoka Bukoba.

Mwanao,
Zephaniah


Biryogo, Kigali, 2 Juni 1991

Mwanangu Zephaniah,

Marahaba. Mutsinzi alifika na boksi lako likiwa zima, akalikabidhi kwa mikono miwili kama anayetoa mahari. Nilimpa chai. Alinyoosha mgongo, kwa hiyo nadhani ni ugonjwa wa familia.

Barua siku hizi hufunguliwa njiani, tangu vita vianze kule kaskazini. Anayeifungua hii namkaribisha. Hatapata siri ya jeshi hapa, ila atajifunza mengi kuhusu choo cha mwanamke mzee, na pengine itamsaidia.

Nimeanza dawa. Wiki za kwanza sikuona kitu na nilitaka kukuandikia hivyo, kisha nikakumbuka kwamba niliwafundisha kusubiri. Sasa naweza kusema gesi imepungua. Asubuhi naamka na njaa, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau. Uji wa mtama na ulezi nauona mtamu. Baada ya chakula cha mchana silazimiki kujinyoosha kitandani.

Maswali yangu: je, mnapima wagonjwa wanaokula dawa peke yao, au mnapima pia wale mnaowapa unga mtupu bila wao kujua? Kama hampimi, anza kumsumbua profesa wako. Mimi sitakuwepo mlangoni siku ya kutahiniwa.

Ukutani kwangu upande wa pili amehamia fundi cherehani, Hamimu, kijana wa Kiislamu. Nasema kijana, ana miaka arobaini na mvi mbili. Cherehani yake huanza baada ya swala ya alfajiri, kwa hiyo siku hizi sihitaji saa. Ni mtu mwema, ila anakula kama mtu aliyegombana na tumbo lake.

Usivue sweta kabla ya wakati.

Shangazi yako,
Annah Mukashema


St. Petersburg, 15 Novemba 1991

Shangazi,

Shikamoo. Usishangae hapo juu. Mji ni uleule, umebadilishwa jina, na makarani wa posta bado wanagombana kuhusu mhuri upi utumike. Tunapanga foleni kwa ajili ya mkate, na maabara inapata umeme kwa zamu, lakini mimi ni mtu mwenye furaha, na sababu ni barua yako.

Niliitafsiri yote, hata sehemu ya afisa wa posta. Profesa alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaisoma tena polepole akasema, "Huyu anaandika vizuri kuliko madaktari wangu." Swali lako la unga mtupu alilipigia mstari. Anasema jaribio hilo tutalifanya fedha zikirudi.

Hapa wanakuita Mgonjwa wa Kigali. Una ukurasa wako mzima katika kazi yangu. Wenzangu watatu wameambiwa waondoke. Mimi nimeongezewa muda. Sitaki kukutwisha mzigo, lakini ukweli ni kwamba umeniweka hapa kwa tumbo lako.

Nakutumia boksi jingine kwa masista wanaopitia Brussels. Endelea kuniandikia.

Zephaniah


Biryogo, Kigali, 9 Machi 1992

Mwanangu,

Sijawahi kuwa maarufu, na sikutegemea kwamba ikitokea itakuwa kwa sababu hii. Mwambie profesa wako nashukuru, na kwamba nangojea unga mtupu.

Hali ni nzuri. Nimekula maharage mwezi huu bila kujuta, tena yale mekundu. Uzito umeongezeka kilo mbili na zaidi kidogo, nimepima kwenye mizani ya duka la Muhima, si ya kukisia. Choo ni cha kila siku, kimeshikana, rangi yake ni ya kawaida. Usiku nalala. Nimeacha ile magnesia niliyokuwa nikinywa tangu enzi za marehemu Libère. Mume wangu angefufuka aone.

Magauni yangu matatu yako kwa Hamimu, anayarekebisha kiunoni. Analalamika kwamba nampa kazi kuliko bibi harusi. Nilimwambia afunge mdomo ashone.

Mvua zimeanza. Mji una wageni wengi waliokimbia makwao, na bei za sokoni sitakuandikia. Wewe soma. Ukimaliza, rudi na cheti chako, nami nitakuja Bukoba nikishikilia mkono wa mtu, nikae mstari wa mbele.

Shangazi yako,
Annah


St. Petersburg, 30 Agosti 1992

Shangazi,

Shikamoo. Safari hii nakuandikia kuhusu mama.

Tangu mwezi wa tano amekuwa akipata choo cheusi, cheusi kama lami, na maumivu chini ya mbavu. Amekonda. Madaktari wa Bukoba wamempiga picha, wanasema kuna uvimbe na wanataka kumpasua mwezi wa kumi. Mama anaogopa kisu. Anasema dada wa jirani aliingia chumba kile akitembea, akatolewa amefunikwa shuka.

Nimefikiri sana, nami nina hakika. Picha zile ni za mashine kuukuu, na uvimbe wakati mwingine ni kidonda tu kilichovimba. Wewe ulikuwa na tumbo baya miaka na miaka, ukiwa mkubwa kuliko yeye, na umepona bila kukatwa. Chakula chenu ni kimoja, damu ya milima ni moja. Nimemtumia maboksi ya miezi minne na kumwandikia aahirishe upasuaji mpaka baada ya mwaka mpya. Tukiona dawa inafanya kazi, hakuna haja ya kisu.

Ila bado anasitasita. Mimi ni mtoto kwake, unajua ilivyo. Wewe ni wifi yake, na wewe ndiye uliyepona. Mwandikie. Mwambie tu yale uliyoniambia mimi. Akisikia kutoka kwako, atameza.

Mwezi wa pili nasimama mbele ya baraza kuitetea kazi yangu. Ukurasa wako nitausoma kwa sauti.

Mwanao,
Zephaniah


Biryogo, Kigali, 21 Septemba 1992

Mwanangu Zephaniah,

Mama yako apasuliwe, mwezi huohuo waliosema. Nimeliweka hili juu ili hata karatasi ikichanika njiani, sehemu hii ikufikie. Barua nyingine yenye maneno hayohayo nimempa dereva wa lori anayevuka mpaka wa Rusumo kwenda Tanzania leo asubuhi. Itamfikia mama yako Béatha kabla yako, na hivyo ndivyo nilivyotaka.

Sasa sababu. Sijawahi kumeza hata kapsuli moja.

Mutsinzi alipoondoka siku ile nililifungua boksi mezani, nikasoma barua yako mpaka pale ulipoandika kondoo. Hapo nikalifunga. Wewe umekulia Bukoba, unakula nyama ya kondoo kama watu wote wa huko, wala sikulaumu. Mimi nilikulia katika nyumba ambayo kondoo hakuchinjwa, wala nyama yake haikusogezwa karibu na chungu. Alilala zizini pamoja na ng'ombe kwa sababu ni mpole na watu walisema huwatuliza. Akifa mwenyewe, ngozi yake ililainishwa kwa siagi ikawa mbeleko ya watoto. Si jambo la dini. Hakuna padri aliyewahi kunikataza. Ni kwamba mtu hali kilichombeba. Wazazi wako walipokimbilia Tanzania, wewe ulivuka mpaka ukiwa mgongoni kwangu ndani ya ngozi hiyo, na mwezi ulikuwa haujaisha tangu uzaliwe. Mama yako alitembea nyuma yetu akishika fimbo, hakuwa na nguvu ya kukubeba. Uliniharibia gauni. Ngozi ninayo mpaka leo, iko kwenye sanduku chini ya shuka.

Ningeweza kukuandikia sentensi moja: mwanangu, siwezi kondoo. Sikuiandika kwa sababu niliona aibu. Miaka yote nilisimama ubaoni nikiwaambia watoto kwamba protini ni protini, na kwamba tumbo halijui jina la mnyama. Nikaja kugundua uzeeni kwamba koo langu halikwenda shule pamoja nami. Nilijaribu. Niliiweka moja ulimini, nikaitoa.

Na wewe ulikuwa umeandika kwamba ukikosa mgonjwa wa mbali utafukuzwa. Nilitaka umalize. Hilo silijutii, njia yake ndiyo mbaya.

Mwili uliousoma katika barua zangu ni wa Hamimu. Kwake kondoo ni chakula cha sikukuu, na tumbo lilikuwa likimtesa: kahawa kavu asubuhi, pilipili mchana, kuinama kwenye cherehani kutwa. Nikampa dawa yako. Akawa anakuja asubuhi, anakunywa uji kwangu pamoja na dawa, na kila Ijumaa akitoka msikitini anasimama dirishani kunieleza habari za tumbo lake kwa adabu zote, akitazama pembeni. Mimi nikaandika. Hamu ya kula ni ya Hamimu. Maharage mekundu aliyala Hamimu. Kilo ulizowasomea watu wazima wenye miwani ni za fundi cherehani wa Biryogo. Nilijiambia kwamba sidanganyi, nabadilisha jina tu. Mwanafunzi angeniambia hivyo ningemchapa.

Lakini sikiliza sehemu inayofuata, kwa sababu hiyo ndiyo inayomhusu Béatha. Mwaka huu kabla ya Pasaka choo changu kiligeuka cheusi, cheusi kama lami, neno lako hilohilo. Ndiyo maana nilipofika mstari ule katika barua yako nilishika meza. Nilikuwa nimeanza kukonda. Magauni yale matatu Hamimu alikuwa akiyapunguza, hakuwa akiyaachia. Kwenda hospitali kulikuwa ni mwendo wa saa moja tu kwa miguu, na mmoja wa madaktari pale nilimfundisha mimi. Sikwenda. Nilikuwa nimekuandikia kwamba nimepona, na kila nilipochukua kalamu nilimwona mwanamke yule wa kwenye barua, mwenye njaa ya asubuhi na usingizi mzuri, nikamwonea wivu, kisha nikaanza kumwamini. Ukiandika jambo mara nyingi kwa mwandiko mzuri, mkono unaushinda mwili. Nilijiambia weusi ule ni wa mboga za majani.

Nilikwenda mwezi wa saba, siku niliyoanguka jikoni. Daktari wangu aliingiza mpira wenye taa tumboni, kisha akakaa kitandani miguuni pangu, akaanza kuupangusa mpira uliokwisha kuwa safi. Nikamwambia, "Jibu kama ulivyokuwa ukijibu darasani, kwa sauti na bila kuzunguka." Akaniambia uvimbe umeshafika kwenye ini. Nikamuuliza ungekuwaje kama ningekuja dalili zilipoanza. Akasema angeukata. Alisema hivyo na machozi yakamtoka, ikabidi mimi nimpe kitambaa.

Kwa hiyo Mgonjwa wa Kigali unaye, Zephaniah, ila si yule uliyeandika habari zake. Huyu wa kweli hakutumia dawa yoyote, alikaa kimya miezi minne, na anakufa. Mama yako yuko mahali nilipokuwa mimi kabla ya Pasaka. Ana mlango ambao mimi nilijifungia mwenyewe. Usimfungie.

Sisemi dawa yenu ni mbaya. Sijui, na wewe hujui. Pengine inakumbusha, kama mnavyosema. Lakini seli iliyogeuka kuwa mwizi huwezi kuikumbusha adabu, unaitoa nyumbani.

Mwambie profesa ukweli wote. Utaona aibu kwa muda, kisha utakuwa mtu anayeweza kuaminiwa, na hao ni wachache kuliko wenye vyeti. Siogopi. Nimeungama kwa padri, akanipa sala tatu. Nilimwambia hii barua ndiyo kitubio chenyewe.

Shangazi yako,
Annah Mukashema


Bukoba, 2 Novemba 1992

Wifi yangu Annah,

Nakuandikia nimelala, kwa hiyo uvumilie herufi zinazopanda mlima.

Barua yako ililetwa na mtu wa lori Jumanne, ikiwa na harufu ya dizeli. Maboksi ya mwanao na barua yake yalifika Alhamisi. Nimewaza sana juu ya siku hizo mbili. Nikakaa na barua mbili mapajani, yako ikisema nenda, yake ikisema ngoja, tena ikisema ngoja kwa sababu Annah amepona.

Nikuchekeshe. Nilipofungua boksi nikaona ameandika kondoo, nami nikalifunga. Wifi, hata mimi nisingemeza. Ningeficha kabatini nikamwandikia kwamba naendelea vizuri, maana ni mtoto msomi, ana baridi, yuko peke yake, nani amvunje moyo? Ningekufa naendelea vizuri.

Nilikwenda. Wamenikata kipande cha tumbo kama unavyokata kipande cha muhogo kilichooza, wakaunganisha kilichobaki. Daktari anasema wamewahi, uvimbe haukuwa umetembea. Sasa nakula kidogo kidogo kama kuku. Kovu linaanzia hapa mpaka kule. Mkwe wako wa Karagwe amelitazama akasema angekuwa fundi viatu angelishona vizuri zaidi.

Uliponibebea mtoto kuvuka mpaka nilikuambia nitakulipa. Ulinijibu, "Tembea kwanza." Sasa umenibeba na mimi. Sijui nikulipe nini, na najua utajibu vilevile.

Ningekuja. Barabara ni mbaya, na tumbo lina nyuzi. Unisubiri kama unaweza. Kama huwezi, usijilazimishe.

Wifi yako,
Béatha


St. Petersburg, 6 Desemba 1992

Shangazi,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako muda mrefu kabla ya kujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na ulinifundisha nisiandike nikiwa nayo. Bado ninayo kidogo, kwa hiyo nitaanza nayo iishe.

Chupa moja ya dawa ya ndama ilikuwa imebaki kabatini. Ilikuwa juu ya kichwa changu siku niliyokufungia boksi. Ungeandika ile sentensi moja ningeiomba, na ningepewa. Hilo ndilo ninaloamka nalo. Hasira nyingine ni yangu mwenyewe: mtoto aliyebebwa ndani ya ngozi ya kondoo akaja kumpelekea aliyembeba unga wa kondoo, asiulize.

Mama yu hai. Aliniandikia kwamba ana kovu na kwamba niache kumtumia vitu.

Nilikwenda kwa profesa nikamsomea barua yako yote, nikitafsiri papo hapo. Hakucheka safari hii. Mwisho aliuliza mbeleko ni nini, nikamwonyesha kwa taulo. Kisha akachukua kalamu, akaukata ukurasa wako kwa mstari mmoja wa mlalo, taratibu, kama anayefunika mtu. Utetezi wangu umeahirishwa. Sikufukuzwa. Aliniambia niandae jaribio lenye unga mtupu, kama alivyodai mwalimu wa Kigali, na kwamba hatasaini kitu kabla ya hapo.

Nina ombi moja la mwisho, na nalileta kama mwanafunzi. Hamimu alipona, kwa maneno yako. Basi yeye ndiye mgonjwa wetu. Nataka aniandikie mwenyewe. Muulize hasa hivi: alikuwa akimeza kapsuli nzima? Gamba lile, kwa utando tunaolipaka, ndilo linaloulinda unga usiharibiwe na asidi ya tumbo kabla haujafika kwenye utumbo. Kama alimeza nzima, bado kuna kitu.

Natafuta nauli. Nitafika hata kama ni kwa kupitia Bukoba na kupanda lori.

Unisubiri.

Mwanao,
Zephaniah


Biryogo, Kigali, 14 Februari 1993

Kwa ndugu Zephaniah,

Salaam. Mimi ni Hamimu, fundi cherehani, jirani wa Mama Annah. Hatujaonana lakini nasikia tumbo langu limesomwa Urusi, kwa hiyo tunafahamiana.

Mukecuru, ndivyo tunavyomwita bibi mzee hapa, alifariki tarehe ishirini na nane mwezi uliopita, asubuhi, mikononi mwa daktari wake. Tulimzika vizuri. Wakristo waliimba, na sisi wa msikitini tulibeba jeneza kwa zamu kwa sababu vichochoro vyetu ni vyembamba na wabebaji wao hawavijui. Sanda sikushona, alitaka gauni lake la bluu. Nililipunguza kiunoni kwa mara ya mwisho.

Barua ya mama yako tuliisoma pamoja, mimi nikiwa msomaji kwa sababu macho yake yalikuwa yamechoka. Pale penye "ningekufa naendelea vizuri" alicheka mpaka nikaogopa. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Baada ya hapo hakuuliza tena kuhusu Bukoba, alikuwa ametulia.

Barua yako pia ilimkuta hai. Aliniita, akanikalisha kwenye kigoda kama mtoto wa darasa la kwanza, akaniambia, "Hamimu, jibu kile tumbo linachojua, usijibu ninachotaka kusikia." Nikamwambia ukweli, na sasa nakuambia wewe.

Kapsuli nzima sikumeza. Unga ni wa kondoo, kwangu hauna neno. Lakini lile gamba, nilimuuliza zamani linachemshwa kutoka kwa nini, akasema ni jelatini, inaweza kuwa ya ng'ombe, inaweza kuwa ya nguruwe, barua haikusema. Hakutaka kukuandikia kuuliza, maana ungejua si yeye anayemeza. Basi mimi nilikuwa nazivunja, unga naumimina kwenye uji, gamba natupa. Nilijua mukecuru anaona. Alikuwa anaangalia upande wa sufuria. Nilipomkumbusha hayo akasema, "Mimi nilikataa kilichomo, wewe ukakataa kinachokifunika. Mwandikie hivyo." Kwa hiyo ndugu yangu, hapa Kigali dawa yako hakuna aliyeimeza.

Lakini tumbo langu lilipona kweli, hilo sikumdanganya. Gesi iliisha, kilo ziliongezeka, maharage nilikula. Alitaka tujue sababu. Mwezi wa kumi na mbili, akiwa hawezi kusimama muda mrefu, alinizuia unga wako kabisa, akaniachia uji tu. Alinikataza kubadilisha kitu kingine chochote, alisema tukibadilisha viwili tutajua sifuri. Alikoroga akiwa amekaa. Kila Ijumaa nilisimama dirishani kama zamani, na kila Ijumaa nilimwambia: Mama, ni vilevile, niko salama. Hapo alifurahi sana. Nilidhani atahuzunika kwa ajili ya dawa yako, lakini alisema umepata jaribio lako la kwanza safi.

Ametuachia vitu. Boksi la pili limebaki na kapsuli kadhaa, masista watalirudisha kwako. Ngozi ya kondoo iko kwangu, imekauka upande mmoja. Nimeipaka siagi na kushona mkanda mpya, ule wa zamani ulikuwa umekatika. Itakwenda kwa mama yako Béatha kwa lori, ukifika uikute huko.

Umeniomba habari za tumbo langu, basi nimalizie ili nisimwangushe mwalimu. Tangu azikwe sijanywa uji. Asubuhi nakunywa kahawa kavu, nakaa kwenye cherehani. Pilipili ni ileile, kazi ni ileile. Nimebadilisha kimoja tu.

Tumbo limerudi kuuma.

Hamimu